Mwalimu Na-Nani na Mlango wa Ofisi

Mheshimiwa Padri, masheikh wetu, walimu, wanafunzi wa zamani na majirani wote wa Mnyambe, tunawaomba mtuvumilie, maana katika historia hii upo ukurasa mmoja ambao marehemu aliuandika kwa mkono wake akatuagiza tusiuruke.

Mwalimu Ambrosi Anthony Nampembe alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 kijijini Lulindi, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Anthony na Bi. Salome, alisoma shule ya msingi hapohapo Lulindi, sekondari Masasi, kisha ualimu Mtwara, na tarehe 7 Januari 1974 akaanza kazi wilayani Newala, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Julai 2012. Tarehe 16 Septemba 1978 alifunga ndoa na Dorika, Mama Rose tuliye naye hapa, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Somo lake lilikuwa Kiingereza, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kauli ya kutendwa. Aliweza kuvunja chaki mbele ya darasa, akaandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba chaki imevunjwa, kisha akageuka na kuuliza, na nani? Alifundisha kwamba mwandishi aitumie kauli hiyo pale mtendaji asipojulikana au asipokuwa na maana, kama daraja lililojengwa zamani au korosho zilizokwisha kuvunwa, lakini anayemjua mtendaji na kumficha ameandika uongo wenye sarufi nzuri. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Na-Nani, naye akalipenda jina hilo, mpaka mwaka 1993 lilipoanza kumchoma.

Julai ya mwaka huo, siku mbili kabla ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, katika shule ambayo marehemu aliomba tusiitaje kwa kuwa kosa halikuwa la shule, alipitia ofisini alfajiri kuchukua mfuko wa salfa aliokuwa ameuhifadhi humo, akakimbilia kupuliza mikorosho yake kabla umande haujakauka, akaacha mlango wa ofisi ya mitihani wazi. Karatasi zikapotea, na Stamili binti Majaliwa, aliyekuwa na zamu ya kufagia, akaonekana akitoka humo na ufagio. Ripoti kwa bodi aliiandika marehemu, kwa Kiingereza safi, kwamba mlango uliachwa wazi, karatasi zilichukuliwa, mwanafunzi alionekana. Tarehe 2 Agosti Stamili alifukuzwa, ikiwa imebaki miezi mitatu afanye mtihani wa taifa, na jina la mwizi wa mitihani likamfuata hadi alipoolewa.

Alipostaafu, marehemu alikwenda Tandahimba kwa Stamili, ambaye sasa ni Mama Ziada, akamwomba radhi. Mama huyo alimpa shikamoo yake, akampakulia ugali, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa heshima kwamba radhi ya sebuleni haimsafishi, aende akaseme kulekule aliposemwa yeye. Miaka kumi na mbili marehemu alikwenda kwenye mikutano ya kijiji na karatasi ya kukiri kosa lake mfukoni, akarudi nayo, na Mama Rose alijua kwa kumtazama tu usoni kwamba hakuisoma.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa, na akafariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025 saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake. Wapo ndugu waliotaka ukurasa huu tuuzike naye, lakini Mama Rose alisema amelala jirani na karatasi hiyo miaka yote, isomwe. Imeandikwa hivi: Mimi Ambrosi niliacha mlango wazi. Nilijua, nikajificha kwenye sentensi zangu. Stamili hakuiba, nilimwacha afukuzwe kwa sababu niliogopa kufukuzwa mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Newala, walimu wenzake, na majirani mliochimba, mliopika na mliokesha nasi.

Mama Ziada, tunajua umefika tangu jana na upo kule nyuma unamenya mihogo na akina mama, tunakuomba uje mbele, ukae hapa na wafiwa, watu wakuone.

Baba, lala kwa amani, tumekusemea.