Laini ya Fundi Koleo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo namkumbuka fundi wa simu. Mtaani tulimwita Koleo. Alifariki Jumatatu, kifua kilimsumbua muda mrefu, na juzi tumemzika. Kwa uliyechelewa kidogo: tunamkumbuka Koleo, fundi wa simu.

Mnanijua. Mimi si msomi. Niliingia kituo hiki kama dereva na mfagiaji, nikapewa kipindi kwa sababu ya sauti. Na kila mwaka, siku aliyofariki mke wangu, nimekaa kwenye kiti hiki nikawaambia kwamba kampuni ya simu ndiyo iliyomuua. Leo mnivumilie. Nina neno la kuwaambia.

Koleo alikuwa mfupi, mabega mapana, koleo kiunoni siku zote, hata harusini. "Nilimwambia achague, mimi au hilo koleo," mjane wake ameniambia. "Akanijibu, 'Wewe huwezi kukata waya.'" Alipanda nguzo za simu miaka ishirini na moja. Mvua ikiangusha waya, anayelowa ni yeye. Wakubwa wake wako ofisini wanazungusha viti.

Kwangu alikuja kwa ajili ya intaneti. Ile ya zamani, ya kupitia waya wa simu. Binti yetu alikuwa masomoni ng'ambo, akatuachia kompyuta na kisanduku cha modemu ili tuandikiane barua pepe. Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na yeye ndiye aliyeweza kusoma maelekezo. Mimi nilikuwa wa kuvuta waya na kupiga kelele.

Tundu la simu lilikuwa sebuleni, kompyuta chumbani. Nikaunga waya kwa kusokota na vidole, nikaupitisha chini ya mlango. Modemu ikapiga namba, ikalia kama bata anayekabwa, ikanyamaza.

"Inasema haisikii mlio wa simu," mke wangu akasoma.

Nikabadilisha matundu nyuma ya modemu. Nikazima, nikawasha. Cha ajabu, mke wangu akifungua mlango kuleta chai, inakubali. Akitoka akarudishia mlango, inakata.

"Inanipenda," akasema.

"Inakupenda nini! Ni wale wezi wa kampuni, wanachezea laini!"

Nikawapigia wiki tatu nzima, nawatukana. Mwishowe wakamtuma Koleo. Akapima ukutani. Laini nzima. Akasimama chumbani, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akainama. Mlango ulikuwa unauminya waya wangu kila unapofungwa.

"Mzee," akaniambia, "mwizi wako analala humu humu ndani."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilinuna siku mbili.

Mke wangu akampa Koleo chai, akamwuliza: mbona mtu akitupigia, mtandao unakatika? Koleo akaeleza vizuri, bila kiburi. Ni ule mlio wa mtu anayesubiri, unaivuruga modemu. Kuna namba ya kuufunga na namba ya kuufungua. Ukiufunga, mtandao haukatiki. Lakini anayepiga ataambiwa simu inatumika, na wewe hutajua kabisa kwamba alipiga. "Mkiwa na simu ya maana mnayoingojea," akasema, "msifunge."

Mke wangu akaziandika namba zote mbili kwenye karatasi ya kukatia nguo, akaibandika ukutani. Ikawa desturi ya nyumba. Anayetaka mtandao anapaza sauti, "Nafunga!" Mwenzake, kama hangojei simu, anaitikia, "Funga!" Usipoitikiwa, hufungi.

Sasa siku yenyewe. Jumamosi, saa nane mchana. Mke wangu alikuwa na presha, anakwenda zahanati kupimwa. Akiwa mlangoni akasema, "Baba, leo usifunge. Nikimaliza nitapiga uje unichukue, jua hili siliwezi." Nikasema sawa. Pikapu ilikuwa nje, ufunguo uko kwenye msumari.

Binti alikuwa ametuma picha. Amevaa koti alilomshonea mama yake. Picha ikawa inashuka mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, macho. Simu ikaingia, ikakata kila kitu. Kumbe ni mtu anaulizia suruali yake. Nikaanza upya. Nikajiambia, dakika kumi tu, huko zahanati hata foleni hajaimaliza. Nikatazama ile karatasi ukutani. Nikapaza sauti kwa mazoea, "Nafunga!"

Nyumba kimya. Nikafunga.

Dakika kumi zikawa saa moja na nusu.

Muuguzi ndiye aliyenieleza. Mke wangu alipiga mara nne kwa simu ya zahanati. Inatumika. Akacheka, akasema, "Mzee wangu kazama mtandaoni." Akasema atatembea taratibu, kivulini. Akaanguka kwenye kona ya kiwanda cha mbao. Wafanyakazi wakambeba kumrudisha. Hakuamka.

Msibani wakaniuliza, mbona simu haikupatikana? Binti naye akauliza. Nikasema laini ilikuwa mbovu. Neno lilinitoka tu. Halafu likaota miguu. Nikawaandikia barua wakubwa wa kampuni, kwa mwandiko wangu huu wa kuku. Wasikilizaji, hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kupima. Walitafuta wa chini wa kumbebesha lawama. Fundi wa mwisho kuigusa laini yangu alikuwa Koleo. Wakamfukuza kazi.

Wale wakubwa nitawalaumu mpaka naingia kaburini. Lakini barua niliiandika mimi.

Miaka kumi na minane Koleo alitengeneza pasi na redio kwenye kibanda nyuma ya soko. Mimi nilizunguka njia ndefu nisipite pale.

Juzi, baada ya mazishi, mjane wake alinishika mkono. Nikadhani ananisalimia, kumbe ananipa karatasi. Ni ya vipimo. Siku ya pili ya msiba wetu, Koleo alipanda nguzo akaipima laini yangu, bila kutumwa na mtu. Nzima.

"Kwa hiyo alijua?" nikamwuliza.

"Alijua. Nikamwambia peleka hiyo karatasi ofisini, au nenda kamwambie usoni. Hakutaka. Akasema, 'Yule mama alinipa chai kwenye kikombe cha wageni. Mwache mzee na laini yake mbovu.' Yeye alikusamehe, shemeji. Mimi bado. Kila mwaka ukisema maneno yako redioni, yeye anakusikiliza huku ameshika bisibisi, mkono umesimama."

"Sasa nifanye nini?"

"Una redio. Sema."

Haya, nasema.

Kwa mjane wa Koleo na wanawe, poleni. Najua pole yangu imechelewa, na hamlazimiki kuipokea. Kwa binti yangu, najua unanisikiliza huko uliko: ile picha ilifika yote. Koti lilikukaa vizuri. Wewe hukukosea kuituma. Nilikudanganya, mwanangu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja amfikirie mtu aliyemtwika mzigo wake, naye akaubeba kimya. Kama bado anapumua, mwendeeni leo. Mimi nilizunguka njia ndefu, na nimefika amekwisha kufukiwa.

Na kwa uliyefungua redio sasa hivi, narudia habari yenyewe. Koleo, fundi wa simu, amefariki. Kazi yake aliifanya sawasawa. Laini ilikuwa nzima. Niliifunga mimi.