Sahani ya Baba Yenu

Sogeeni, wanangu, wote wawili, na wewe Cheche acha kusimama mlangoni kama mdai, vuta hicho kiti ukae upande huu, dada yako akae upande ule, nami niwe katikati yenu kama nilivyokuwa miaka hii kumi na mmoja, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimwa kwa kijiko na sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Hii barakoa ya oksijeni nitaivua kidogo. Usinitazame hivyo, binti yangu, nesi wangu, najua ni makosa, lakini maneno yangu hayasikiki vizuri ndani ya plastiki, na nikichoka nitairudisha mwenyewe.

Nianze na mepesi. Nyumba ni yenu nyote, nusu kwa nusu, na haiuzwi maadamu mmoja wenu bado anataka kulala humo. Yale matofali uliyorundika uani, Cheche, ili ujenge ukuta ukate kiwanja katikati, niliyaona nikanyamaza. Leo nasema kajengee banda la kuchomelea vyuma vyako, ukuta siutaki. Cherehani ni ya dada yako. Vitabu vya baba yenu, vile alivyovipiga chapa kwa mikono yake, pamoja na vile vilivyoharibika mashineni akatuletea nyumbani, kurasa zimepinduka kichwa chini, naye akavisoma hivyo hivyo kwa kuvigeuza akitucheka sisi tuliomcheka, msivigawe, vikae pamoja. Darubini yangu kuukuu, waliyonipa nilipostaafu, apewe mjukuu wangu, bintiyo Cheche, kwa kuwa ndiye pekee nyumba nzima aliyewahi kuniuliza ndani ya tone la maji anaishi nani.

Na ni kwa ajili yake nimewaita. Asubuhi uliponiletea chai, Cheche, nilikuuliza mtoto anaendeleaje, ukaniambia, "Mama, mafua yalishamwacha, juzi karuka kamba mchana kutwa, ila tangu jana jioni homa imemrudia na anakohoa, nimemnunulia dawa ya maji pale dukani." Ulisema hivyo huku unakoroga chai, raha mustarehe. Nikakuuliza mbona humleti hapa hospitali, wodi ya watoto si ipo ghorofa ya chini tu? Ukainamia kikombe, nami nikajua, kwa sababu wodi hiyo ndiyo anayofanya kazi dada yako, na wewe uliapa makaburini kwamba mkono wake hautamgusa tena mtu wa nyumba yako. Ewe mtoto! Hasira hasara, nilikwambia tangu ukiwa na meno ya utotoni.

Sasa tegeni sikio. Miaka thelathini na minne nilikaa maabara ya hospitali hii hii, mpaka wenzangu wakaniita Bi Sahani, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kupaka makohozi ya wagonjwa kwenye visahani vyenye chakula cha bakteria, kuvilaza ndani ya kabati la joto, na kesho yake kusoma kilichoota. Kazi hiyo ilinifundisha jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wafiwe. Mafua makali peke yake, mara nyingi mtu huyashinda. Lakini puani na kooni mwetu wamo bakteria wanaokaa humo siku zote, hata ndani yako wewe mzima wa afya, wametulia. Virusi vya mafua vikishachubua njia ya hewa, baadhi yao huteremka mapafuni, na huko hawatulii tena. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu siku ya nne, ya tano, watu wakashukuru, kisha homa ikarudi kwa kishindo. Si kila aliye nao huugua, na si kila mafua yanataka antibiotiki, msije mkageuza nyumba yangu duka la dawa. Ila homa iliyokwenda ikarudi, na kikohozi juu yake, hiyo haifugwi nyumbani. Ndiyo iliyonilaza kitanda hiki. Ndiyo iliyomchukua baba yenu.

Haya. Baba yenu.

Mwaka ule wa mafua mabaya mnaukumbuka, wagonjwa walilala hadi kwenye korido, na sisi maabara tulibaki watatu badala ya saba. Kanuni zetu zilikuwa mbili, hata mfagizi alizijua: sahani husomwa siku ya kwanza na ikarudiwa siku ya pili kabla ya kuandika jibu la mwisho, na sahani ya mtu wako huisomi wewe, unampa mwenzako. Ya baba yenu ilipotoka nilimpokonya mwenzangu mkononi, maana nani angemsomea mume wangu vizuri kuliko mimi? Kile kilikuwa kiburi, wanangu, wala msikitafutie jina la heshima. Nikaona vidoa vidogo vyenye duara la kijani, na wanaoota hivyo ni wa aina mbili, wapole wa kinywani, na wale wanaoua mapafu. Ukitaka kuwatenganisha unaweka juu yao kikaratasi chenye dawa, unangoja hadi kesho; wabaya hufa kukizunguka, wapole huota mpaka ukingoni mwake. Vikaratasi vilikuwa vimebaki sita, hospitali nzima. Mkono wangu ulikwenda kwenye kichupa, nikaurudisha. Nikasema moyoni, watu watasema Bi Sahani anampendelea mumewe na wagonjwa wa wenzake wanakosa. Nilitaka nionekane mwadilifu. Basi nikachukua kalamu, siku ile ile ya kwanza, nikaandika: bakteria wa kawaida wa kinywani.

Binti yangu, wewe ulikuwa zamu katika wodi ya wanaume wakati huo, ukanipigia simu. "Mama, una hakika? Makohozi ya baba yamegeuka rangi ya kutu, na daktari anategemea jibu lako." Nami nikakukaripia, "Unanifundisha kazi niliyoianza hujazaliwa? Nimesoma mwenyewe." Jioni yake Cheche ukaja na sindano ya dukani umeificha ndani ya koti, ukamtaka dada yako amchome baba, naye akakataa, akakwambia majibu yameonyesha hakuna kitu, na dawa ya mtaani yeye hachomi mtu. Alifanya kama alivyofundishwa, na kwa jibu lile alilopewa, hata mimi ningekataa. Siku ya pili, saa sita mchana, ndipo nikairudia sahani, nikakuta vile vidoa vimedidimia katikati kama mtu amevibonyeza kwa kidole, na hapo sikuhitaji tena kikaratasi. Walikuwa wale wabaya. Nilipanda ngazi mbio, mimi na miguu yangu hii, na nilipofika wodini nikakuta wameshamfunika shuka hadi usoni.

Sikusema. Nilirudi maabara nikaitumbukiza ile sahani pamoja na nyingine kwenye chungu kikubwa cha mvuke tunachoulia vijidudu, na jibu langu likabaki kwenye faili kama lilivyo. Ulipomnyooshea dada yako kidole makaburini, Cheche, ukamwita muuaji mbele ya watu, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenu, nikatazama chini. Nikajiambia nitasema msiba ukiisha, kisha nitasema mwaka ukiisha, kisha mkipoa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimwachia dada yenu, hapana, nasema ovyo... nilimwachia dada yako mgongoni, na kwa kuwa ulikuwa mgongoni mwake nikauona mwepesi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Ngojeni. Nipe hiyo barakoa.

Haya, imetosha. Kama dawa ingemponya, mimi sijui. Alikuwa mtu mzima, kifua kimekula vumbi la karatasi miaka mingi, na nimeona waliochomwa dawa mapema wakafa, na waliochelewa wakapona. Sisemi hivi ili nijitoe. Alikuwa na nafasi, nikamnyima, mimi, mke wake. Wewe kwa miaka kumi na mmoja umemchukia asiye na kosa, umewakataza watoto kumwamkia shangazi yao njiani, nami nimekula kwako na kwake kwa zamu huku najua. Nichukie mimi, Cheche. Ni haki yako.

Na wewe binti yangu unalia kimya kama kawaida yako. Nadhani ulijua. Nesi gani asiyejua makohozi ya rangi ya kutu maana yake nini? Ulijua, ukaniachia jina langu likabaki safi, lako likachafuka, nami nikaipokea zawadi hiyo kila siku bila hata kusema ahsante. Nisamehe, mama. Sina neno kubwa kuliko hilo, ningekuwa nalo ningekupa.

Usiseme kitu, Cheche. Nakujua, ukiwaka huzimiki upesi, ndiyo sababu nilikuita hivyo hata kabla hujashika chuma. Utaghadhibika kesho. Kesho utakuwa na nafasi.

Mnizike ubavuni mwa baba yenu... nina maneno naye. Msinililie sana, nimekula chumvi nyingi.

Na agizo la mwisho... msinikalie hapa. Nilipenda nife nimewashika, sikatai, naogopa kama mtu yeyote. Lakini nendeni mkamlete mtoto, sasa hivi, wote wawili. Wewe umbebe... dada yako amhesabie pumzi njiani. Akisema alazwe, alazwe. Akisema sindano, ni sindano, usibishane naye. Dawa waanze, wasingoje sahani. Na huyo atakayeisoma... mwambieni airudie siku ya pili.

Radhi zangu mnazo. Mnazo wote, sawa kwa sawa. Mungu awape... vifua vipana, na awaweke pamoja hata nikiwa sipo.

Usinishike mimi, Cheche. Mshike dada yako... ngazi za hapa zinateleza.

Mimi nimeshaishi. Yule... yule ana miaka sita.

Bado mmesimama?