Mama Bei, Afisa Aliyekataa Kunong'ona

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, mimi yule fundi wa kuchomelea vyuma, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nitayasoma yote, pamoja na sehemu ambayo ofisi yake ya zamani imetuomba tuiruke.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Bei, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kukamua mafuta, akaanza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akapata stashahada ya takwimu katika chuo cha biashara, huku kila likizo akitulea sisi wadogo zake kwa mkono mmoja na kutuchapa kwa mkono wa pili.

Tarehe 4 Juni 1984 aliajiriwa na serikali kuwa afisa taarifa za masoko, kazi yake ikiwa kupigiana simu na wenzake wa miji mingine kila asubuhi, kukusanya bei za mahindi, maharage na vitunguu, na kuziandika kwa chaki kwenye ubao nje ya ofisi, ili mkulima na mwenye kibanda wazijue kabla hawajalaliwa na mlanguzi, na wasiojua kusoma aliwasomea dirishani kwa sauti ileile aliyotuitia sisi kuosha vyombo.

Dirisha hilo ndilo lililomletea mume, dereva wa lori, aliyekuja kuulizia bei ya mahindi mara tatu katika wiki moja na hana hata debe la kuuza, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti, ambaye ni mwalimu, na kijana, ambaye anauza vipuri.

Sasa ile sehemu ya kurukwa. Mwaka 2009 walanguzi walimwendea mkuu wake wa kazi, ubao ukaingizwa ndani, dada akautoa, ukafungiwa stoo, akasomea bei dirishani, dirisha likapigwa misumari, akasimama kwenye ngazi, na tarehe 17 Agosti akahamishiwa chumba cha fomu chakavu, kisicho na simu, akakaa humo mpaka alipostaafu mwaka 2021. Jioni ileile ya uhamisho mumewe alipaka rangi nyeusi ukuta wa nyumba yao unaotazama barabara, na kuanzia kesho yake dada akaziandika bei pale kila asubuhi, kabla hajaenda kazini.

Februari 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukagoma, akaandika kwa wa kushoto, herufi zikaenda upande na hakuna aliyelalamika. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 6 Mei 2024.

Juzi ofisi yake ya zamani ilituletea ujumbe kwamba tukishazika tuupake ukuta ule chokaa, eti bei ni taarifa za serikali, na jibu letu tunalitoa hapa mbele yenu nyote, hatupaki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba viti na maji, na mkuu wa ofisi wa sasa, aliyekuja na shada kubwa kuliko yote, karibu sana. Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa miji mingine, waliompigia simu nyumbani kila alfajiri ingawa walikatazwa, hatuwataji kwa sababu wangali kazini, lakini wamekaa hapa kati yetu, na simu zao hazijakoma, sasa anazipokea binti yake.

Dada, pumzika kwa amani, bei za leo ziko ukutani.