Mwalimu Jovitha na Maazimio ya Kazi Aliyoyauza kwa Simu

Padri, viongozi wa kijiji, walimu, majirani na ndugu wote mliofika hapa Kirushya, mimi ni Ildefonce Bigirimana, kaka mkubwa wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea historia yake, kazi ambayo niliomba apewe mtu mwingine, mama akakataa.

Mwalimu Jovitha Bigirimana alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bigirimana na mama yetu Marsiana. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ualimu, na tarehe 1 Julai 2007 aliajiriwa wilayani Biharamulo. Huko alifunga ndoa na Paschal Ndassa tarehe 20 Agosti 2011, wakajaliwa watoto wawili, Kwandu na Priscila. Paschal alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2017, ndipo Jovitha akaomba uhamisho, akapangiwa shule ya Murusagamba.

Kufundisha alikupenda, ila kila Januari mwalimu hutakiwa kuandika azimio la kazi, yaani mpango wa yote atakayofundisha mwaka mzima, na Januari 2020 la kwake lilirudishwa mara tatu, mara ya mwisho kwa sababu jedwali alilichora kwa peni ya bluu badala ya nyeusi. Alilia ofisini, akamwambia mwenzake, Mwalimu Magdalena, kwamba hataandika tena kitu hicho kwa mkono. Alinunua kompyuta iliyotumika, akachapa maazimio ya masomo yote, akayaweka kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Walimu wa Geita na Kigoma wakayaomba, wa Songea wakafuata, naye akaanza kuyauza kwa bei ndogo, hadi biashara hiyo ikamwingizia zaidi kuliko mshahara, na nyumba ya mama ikaezekwa upya.

Kuanzia hapa historia hii inanihusu, nami naisoma kwa aibu. Niliona simu yake haitulii, wanaume nisiowajua wakimpigia, nikajiambia kwamba mjane hapati bati bure. Tarehe 6 Novemba 2022 niliita kikao cha ukoo, nikasema mbele ya watu, na wengi wenu mlikuwepo, kwamba dada yetu anajiuza. Hakupandisha sauti. Alinisogezea kompyuta yake, akasema, "Kaka, fungua usome mwenyewe." Sikufungua. Nilimwambia asikanyage tena kwangu, na maneno yale yakafika Murusagamba kabla yake, baadhi ya wazazi wakaacha kumsalimia.

Januari 2024 binti yangu Tecla, aliyekuwa ameanza kazi ya ualimu Biharamulo, alikuja nyumbani na azimio lake. Nilimsifu kwa kazi nzuri. Akaniambia, "Baba, hili ni la shangazi. Shuleni kwetu wote tunanunua kwake." Nililisoma ukurasa kwa ukurasa, na jina la mdogo wangu lilikuwa chini ya kila ukurasa. Hata hivyo sikwenda kwake. Kiburi kilinikalisha nyumbani miezi saba.

Agosti mwaka huo aligundulika kuwa na saratani ya titi, akalazwa Mwanza, nami nikamfuata, nikamwambia nimekosa. Akanijibu, "Nilishakusamehe, kaka. Lakini ulisema mbele ya watu." Nikamwahidi kuwaita wale wale waliosikia. Nikasubiri maharage yavunwe, kisha mvua zipite, kisha apate nafuu. Hakupata. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Kwa hiyo nasema leo, mbele yenu, akiwa hanisikii. Nilimsingizia dada yangu. Fedha yake ilikuwa ya jasho lake, na aliyewaambia vinginevyo ni mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Murusagamba waliowalea Kwandu na Priscila mama yao alipokuwa wodini, Mwalimu Magdalena aliyemfundishia vipindi vyake, pamoja na walimu wa mikoa ya mbali waliotuma rambirambi bila kuwahi kumwona kwa macho.

Pumzika kwa amani, Jovitha. Hukuwa na kosa lolote.