Bwawa la Hospitali ya Macho na Mtunzaji Wake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mtunza bustani wa hospitali yetu ya macho anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Wengi humwita Mzee Tofali, na wageni hudhani aliwahi kuwa mwashi. Wala.

Jina lilitoka kwa mlinzi wa geti, aliyepeleka taarifa ofisini kwamba mzee anaficha matofali ya ujenzi bwawani, kisha anayatoa moja moja kila baada ya siku chache. Matofali yalikuwemo kweli. Yungiyungi changa hupandwa kwenye kapu la udongo mzito, na juu huwekwa kokoto ili samaki wasiufukue. Kapu likizamishwa hadi chini siku ya kwanza, majani hayaufikii mwanga na mmea huoza. Kwa hiyo yeye huliweka juu ya matofali manne, na kadiri majani yanavyorefuka hutoa tofali moja. Mlinzi alielezwa yote hayo, akasema ameelewa, ila jina halibadilishi.

Alianza kazi hapa kwa kufyeka nyasi. Bwawa alilichimba mwenyewe katika mwaka wake wa tano, kwa ombi la muuguzi mkuu wa wakati huo, aliyetaka wagonjwa wakifunguliwa bandeji wawe na kitu cha kutazama. Mpaka leo wauguzi huwaleta pale na kuwauliza wanaona nini. Bibi mmoja alikaa asubuhi nzima akimtajia mwanawe kila kereng'ende aliyetua kwenye matete, hadi mwanawe akamkumbusha kwamba na yeye ana macho.

Ndiyo maana barua ya Februari ilimuuma sana. Afisa afya alikuta viluwiluwi vya mbu ukingoni, akaandika kwamba atarudi baada ya miezi mitatu, na akikuta hata kimoja, bwawa litafukiwa. Mzee aliingiwa na hofu. Alihamishia samaki kwenye pipa, akamwaga maji yote, akang'oa mimea, akasugua kuta mpaka zikang'aa, kisha akajaza maji ya bomba. Wiki mbili baadaye maji yalikuwa ya kijani kama milango ya wodi zetu, na viluwiluwi vinacheza humo bila adui. Mpishi alimpongeza kwa kuwajengea mbu hoteli. Hakucheka.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza shule na kupangiwa kumsaidia. Nilijikaza nikamuuliza kwa nini bwawa lililosafishwa limechafuka kuliko lilivyokuwa kabla ya kusafishwa. Alikaa ukingoni akitazama tu. Kesho yake alisema kosa ni la mikono yake: jua linapiga maji matupu, na ukoga unalipenda jua kuliko sisi.

Tukapanda upya. Mayungiyungi yalipaswa kufunika karibu nusu ya uso wa maji. Mafunjo na matete tuliyaweka kwenye kina kifupi, yashindanie chakula na ukoga. Samaki wadogo walirudishwa na wakaanza kula viluwiluwi siku hiyohiyo. Baada ya hapo kazi ilikuwa kutogusa, na hiyo ndiyo iliyomshinda kidogo. Mara mbili nilimkuta ameshika brashi, akaenda kuirudisha stoo mwenyewe bila kuambiwa. Kila asubuhi tulihesabu majani, na kila asubuhi tuliona chini zaidi.

Jumatatu iliyopita afisa afya alikuja na upawa wake mweupe. Alichota mara ishirini, akachungulia mara ishirini, na sote tulikuwa dirishani. Hakukuta kitu. Alipomaliza kuandika, aliuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kupata chipukizi la yungiyungi la zambarau kwa ajili ya beseni lake nyumbani. Mzee alimpa mawili, kwa sharti kwamba asilisugue beseni.

Asante, Mzee wetu. Bwawa halifukiwi, na wagonjwa watakaofunguliwa bandeji kesho wana cha kutazama. Tunakuombea afya njema, mapumziko marefu, na asubuhi nyingi za kukaa tu ukitazama.