Pikapu ya Papa Bahati na Macho ya Mama

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe hata na wenye gari inayochemka mlimani!

Mimi ni Furaha, wa kwaya ya vijana hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda. Shule niliiacha njiani tulipokimbia Kivu ya Kusini, lakini maswali sikuyaacha. Naota kuwa na gereji yangu, yenye mlango wa njano. Cheka tu, ndugu yangu, Mungu anaisikia ndoto hiyo.

Mama yangu alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Tukasikia madaktari wa macho wamekuja Mbarara kwa muda mfupi tu. Wakiondoka, basi. Nauli hatukuwa nayo, lakini Papa Bahati, shemasi wetu, akasema atatupeleka kwa pikapu yake, ile iliyozaliwa kabla yangu.

Mama alifurahi mno! Kwa shukrani akamshonea Papa Bahati kitambaa cha turubai nzito, tope lisikiharibu. Herufi alizipapasa kwa vidole: MUNGU ANATUTANGULIA. Papa Bahati akakifunga mbele ya gari, kutoka taa hadi taa. Vigelegele kanisa zima!

Siku ya safari, tulipoanza kupanda mlima, mshale wa joto la injini, pale kwenye dashibodi, ukapanda pamoja nasi. Mvuke ukatoka kama chungu cha maharage. Tukarudi. Mara ya pili, vilevile. Mama alijifuta macho yasiyoona.

"Bashetani bako mu hii gari," akasema jirani yetu Mama Riziki. Tukaizunguka, tukakemea mpaka sauti zikakauka.

Tukaipeleka kwa fundi wa Base Camp, pale katikati ya kambi. Akainua boneti, akawasha injini, akangoja. Haikuchemka! Maji yamejaa, mipira ya maji haivuji, feni inazunguka. Akakuna kichwa. "Hii ni gasketi ya hedi. Motoka imezeeka, muiuze chuma chakavu."

"Lakini fundi, kama ni gasketi, mbona hapa haichemki?"

"Weye binti, nenda kapike sombe!"

Ndugu zangu, usiku ule niliomba hivi: Bwana, sisemi mlima uondoke. Nionyeshe tu ni nini.

Jumatatu Papa Bahati akaenda Kikagate na magunia ya mahindi. Nilimngoja barabarani, mbele ya nyumba yetu.

"Papa, imechemka?"

"Hata! Imepanda milima kama mbuzi."

Yesu wangu! Imebeba mahindi haikuchemka, na juzi ilibeba mama mmoja mwembamba ikachemka? Shetani gani huyo anapumzika Jumatatu? Nikaizunguka gari nikijiuliza: leo kuna nini ambacho juzi hakikuwepo? Au hakuna nini? Nikainua macho. Pale kwenye ua wetu, kitambaa cha Mama kilikuwa kimeanikwa. Alikuwa amekifua asubuhi, gari ikaondoka bila hicho.

Moyo ulinishuka, wapendwa. Nikamwomba Papa Bahati awashe injini, nikaweka jani kavu la mgomba mbele, kwenye wavu kati ya taa. Feni ikalivuta, pya! likaganda kwenye wavu. Nikashika turubai pale pale. Ikavutwa, ikabana wavu wote, kama blanketi juu ya uso wa mtu anayelala. Kumbe maji yanatoa joto kwenye injini na kulileta mbele, kwenye rejeta iliyo nyuma ya wavu, na upepo ndio unalichukua! Kwa fundi boneti ilikuwa wazi na gari imesimama, haina kazi. Sisi tuliiziba pua, halafu tukaipandisha mlima.

Sasa nani atamwambia Mama? Nilikaa karibu naye, nikashika vile vidole vyake. "Mama, kitambaa chako..." Machozi yakanizuia. Nikamweleza hivyo hivyo, kwa kwikwi.

Mabega yake yakaanza kutikisika. "Kumbe ni miye nilifunga gari pua? Na ninyi munakemea shetani, kumbe munakemea Mama Furaha!" Alicheka mpaka Mama Riziki akaja kuona kuna nini.

Kesho yake tulikifunga kitambaa nyuma. Mama akauliza, "Sasa Mungu anatutangulia kutoka nyuma?"

"Mama, Yeye hana mbele wala nyuma," akajibu Papa Bahati. "Panda!"

Mlimani sikuutazama mlima, niliutazama mshale. Ukapanda hadi katikati, ukatulia. Haleluya! Niliimba hadi Mbarara, na madaktari bado walikuwepo!

Baada ya upasuaji, bandeji zilipotolewa, Mama alitoka nje polepole, akatembea hadi nyuma ya pikapu, akasimama. Akasoma. M ya kwanza ilikuwa imelala, U imepanda juu ya mwenzake.

"Nani ameshona vibaya hivi?" akauliza.

Papa Bahati alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Mimi nililia.

Ndugu zangu, ninamshukuru Mungu anayejibu kwa jani la mgomba. Kama kuna jambo linakuchemsha, endelea kuomba, na usione aibu kuuliza. Yeye hakasirikii maswali. Mtegemee, jibu linaweza kuwa limeanikwa kwenye ua wako.

Na Mama yangu yuko pale, benchi la pili. Mpungie mkono. Anakuona!