Viatu vya Levi Mukhisa

Wasikilizaji wapendwa, naapa mbele ya maikrofoni hii: haya yote ni kweli tupu.

Levi Mukhisa ametutoka. Mzaliwa wa Mabanga, Bungoma. Miaka thelathini alikamua ng'ombe wa tajiri mmoja nje ya Kitale. Thelathini, wasikilizaji! Na kila alipoingia uani kwa tajiri, alivua viatu akavishika mkononi. Ndiyo sheria ya wafanyakazi. Wageni walipita na vyao.

Mwaka 2004 akamkuta bintiye Nangila, aliyeanza kufua huko, amesimama getini, viatu mkononi. Levi akaumia moyo. Akataka kujua jambo moja tu: kizazi chake kitavua viatu mpaka lini?

Basi akaunda chombo. Pipa la maziwa, injini ya kinu cha posho, akakaa ndani. Mkewe Agneta akamwuliza, "Baba Nangila, na hilo pipa, safari ni ya wapi?"

"Miaka mia mbele."

"Ati? Utarudi kula?"

"Niwekee ugali."

Alirudi ugali ungali moto, yeye kichwa kizima mvi. Alikuwa ameona Kitale ya maghorofa, ng'ombe wakikamuliwa na vyuma. Kitukuu wa tajiri anaishi juu mawinguni. Chini getini, msichana mwenye paji la uso la Levi, viatu mkononi.

Levi akamwuliza, "Nani aliweka sheria hii, mama?"

"Sijui, kuka," akajibu, kama mtu na babu yake. "Tuliikuta tu."

Asubuhi Levi akaingia uani na viatu miguuni. Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Amekufa mwaka huu wa 2009, akiponda kokoto Kanduyi.

Pole, Agneta. Pole, Nangila, uliye nami hapa studio. Nasi wengine tujiulize: mangapi tuliyakuta tu, tukayalinda?

Nangila amevuta maikrofoni. "Mzee Zachary, hilo pipa ni uongo wako. Baba hakusafiri popote. Aliniona mimi pale getini, ikatosha. Si useme basi nyapara aliyemfukuza ni nani?"

Wasikilizaji… ni mimi.

"Nikulipe nini, binti yangu?"

"Mimi si binti yako. Kaburi halijachimbwa. Njoo uchimbe, na usitume mtu."

Kesho alfajiri niko Mabanga. Jembe nitaazima. Miaka yote ile shambani, mimi nilishika kalamu tu.